Tulivyomzika Shangazi

Magomeni, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Ninakusalimu wewe na wote nyumbani. Umeniuliza kama inawezekana kuanzisha chama cha kufa na kuzikana huko Goba mlikohamia, katika mtaa ambao majirani wanajuana kwa rangi za mageti. Barua yako imenikuta tumeanua matanga ya Shangazi siku mbili tu zilizopita, kwa hiyo nitakujibu kwa kukueleza tulivyomzika.

Shangazi alifariki nyumbani, usiku wa kuamkia Jumanne. Kabla jua halijachomoza mjumbe alikuwa amekwisha kugonga milango ya majirani, na ilipofika saa moja asubuhi turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, na masufuria mawili makubwa ya ubwabwa yako mafigani. Vitu hivyo ni mali ya chama chetu, tulivinunua kimoja kimoja kwa ada ya shilingi 2,000 kwa kila kaya kwa mwezi, na mfiwa havilipii. Katibu alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kushughulikia kibali cha mazishi, akarudi akiwakumbusha watoto wa marehemu kwamba kifo kinatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30, kwa sababu bila cheti cha kifo mirathi hukwama.

Waliomwosha ni wanawake watatu waliokuwa wakiuza naye vitumbua. Walimkatia sanda, ambayo kwa mwanamke huwa ni nguo tano, wakaifukiza udi, wakamtia karafuu maiti, na mmoja wao aliniambia baadaye kwamba muda wote walikuwa wakimsemesha kwa sauti ya chini, kama watu wanaomwandaa mwenzao kwenda harusini. Jeneza lilikuwa la msikiti, lile lile linalotubeba sote na kurudi tupu. Baada ya swala ya Alasiri tulimzika.

Tulipokuwa tukitoka naye alijitokeza mtani, Mnyamwezi (sisi ni Wazaramo, kama ujuavyo), akajilaza chini mbele ya jeneza akidai kwamba Shangazi hapiti mpaka amrudishie chenji yake ya vitumbua, kisha akainuka na kuigiza alivyokuwa akitembea na kufoka alipodaiwa. Watu walicheka huku machozi yakiendelea kuwatoka. Sijapata kumwona mshereheshaji wa kukodiwa awezaye kumweleza marehemu kwa usahihi namna ile.

Nimemtaja mshereheshaji kwa makusudi, maana mwaka juzi, katika msiba wa shemeji yangu, tulikodi kila kitu: mpiga video, mapambo, sare za vitenge, gari la kusafirisha mwili hadi Bukoba na basi la wasindikizaji. Kamati ilikesha siku tatu ikipanga bajeti, na katika siku hizo sikumsikia mtu hata mmoja akisimulia lolote kumhusu marehemu. Deni lililobaki lilimwangukia mjane, ambaye mpaka leo analilipa. Sipingi mtu kurudishwa kuzikwa kwa wazee wake; kilichonikera ni sisi kuona haya kusema kwamba hatuna.

Wala usidhani kwamba jambo hili ni la Waislamu peke yao. Jirani yetu Mkristo, aliyekuwa seremala wa Keko, alitengenezewa jeneza na mafundi wenzake katika karakana yake mwenyewe, wakipiga mbao kwa randa yake, na familia ililipia mbao tu. Jumuiya yake ndogondogo iliimba, sisi tukapika.

Kwa hiyo huko Goba msianze na fedha, anzeni na vitu na kazi: turubai moja, sufuria moja, na orodha ya nani ataosha, nani atachimba, nani atakwenda kwa mtendaji. Kundi la WhatsApp linatosha kutangaza msiba, lakini halioshi maiti wala halichoti maji. Rambirambi zipokewe na watu wawili, ziandikwe daftarini, na hesabu isomwe hadharani siku ya kuanua matanga, kwani vyama nilivyoviona vikifa viliuawa na minong'ono. Chakula nacho kiwekewe kikomo kabla hajafa mtu, kwa sababu msibani hakuna anayethubutu kukataa. Kwetu ubwabwa hupikwa siku ya mazishi tu, siku nyingine ni chai na mihogo. Tena waulizeni wazee wenu wangali hai wanavyotaka kuzikwa. Shangazi alisema mapema kwamba hataki matanga yazidi siku tatu, na kauli hiyo ilituokoa na mabishano mengi.

Nitakuja Jumapili ijayo na daftari letu ili mlione. Shangazi ndiye aliyekuwa mweka hazina tangu mwanzo, na mwandiko wake ni mgumu kusomeka, kwa hiyo tenga muda wa kutosha.

Ni mimi rafiki yako.