Si Hallstatt pekee

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu vijiji vya Ulaya imenikumbusha Hallstatt, kule Austria. Nilifika mwezi wa saba. Wakazi wake hawafiki 1,000, lakini wageni tulisukumana kama abiria wa Kampala mkesha wa Idi. Picha nzuri, raha hakuna.

Wakala aliyenikatia tiketi hakunitajia Quedlinburg, Ujerumani. Aliyenipeleka ni binti yangu anayesoma Magdeburg. Tulipanda treni asubuhi tukarudi jioni. Mji ule una nyumba za kale za mbao zaidi ya 1,000, na UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Ukuta mmoja ulikuwa umebanduka plasta. Ndani nikaona fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, sawasawa na jiko la marehemu bibi yangu hapa Bombo! Nikaupapasa kwa kiganja, binti akaona haya.

Tuandikieni miji ya namna hiyo, na nauli zake. Viza ni ile ile ya Schengen, na usumbufu wake tumeshauzoea.

Mwalimu mstaafu,
Bombo