Barua kwa mwanangu: jaketi si mto wa kukalia

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, mkwe wangu na wajukuu. Sisi hatujambo, ingawa goti la mama yako bado linamsumbua kila anapopanda ngazi.

Picha ya mashua yenu tumeitazama mara nyingi. Sikutarajia kwamba kati ya watoto wangu wewe ndiye utakayekuwa na chombo chako, wewe uliyekuwa ukichafukwa na bahari kuliko wenzako wote, na nimeona fahari kwamba mishipi umeikunja kila mmoja peke yake kama nilivyokufundisha. Hata hivyo kuna jambo katika picha hiyo lililoninyima usingizi kwa siku tatu. Mjukuu wangu mdogo amelikalia jaketi lake la kuokolea maisha kana kwamba ni mto, na la kaka yake limetupwa tezini, nyuma ya mashua, karibu na dumu la mafuta.

Nimesikia kwa ndugu yako, wala si kwako, kwamba mnakusudia kwenda na watoto hadi nyuma ya mwamba kuvua kutwa nzima. Siandiki ili kukuzuia. Nakuomba watoto wavae majaketi wakiwa bado nchi kavu, kabla mguu wa yeyote haujakanyaga chombo, na wasiyavue mpaka watakaporudi. Utaniambia kwamba bahari ilikuwa shwari siku ya picha. Mwanangu, mtu haangushwi na dhoruba peke yake. Huanguka akisimama kurusha mshipi, au pale wote wanapokimbilia upande mmoja kumtazama samaki aliyenaswa, na mtoto ndiye mwepesi kuliko wote waliomo. Akishakuwa majini, kulivaa jaketi ni kazi ambayo hata mtu mzima humshinda, kwa kuwa linaelea, linateleza mkononi, na mikanda yake haionekani.

Jaketi lichaguliwe kwa uzito wa mtoto, si kwa matumaini kwamba atalikulia. Mfunge mikanda yote, kisha lishike jaketi mabegani na umwinue nalo; likipanda hadi masikioni, halimfai. Liwe na mkanda unaopita katikati ya mapaja, na usome nguvu yake ya kuelea iliyoandikwa ndani, kwa sababu la daraja la niutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, ilhali la daraja la 150 limeundwa ili limgeuze hata aliyezimia, uso wake uelekee juu. Usinijibu kwamba wajukuu wanajua kuogelea. Najua, kwa maana niliwafundisha mwenyewe. Maji ya baridi humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka katika dakika ya kwanza, na pumzi hiyo ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, ufundi wa kuogelea haupati hata nafasi.

Nawe pia uvae. Wakikuona wewe huna, watalivua lao mara tu utakapowapa kisogo.

Siku mliyoichagua inaangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu, yaani wakati wa bamvua. Maji yatapwa sana, na katika saa ya tatu na ya nne ya kupwa huondoka karibu nusu ya maji yote, kwa hiyo msiwe kwenye mlango wa mwamba wakati huo, hasa ikiwa upepo unavuma kinyume na mkondo, kwa maana hapo mawimbi husimama wima. Mafuta yagawe theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba. Nanga msiifunge tezini kamwe. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini mwa anayeshika usukani, na mkwe wangu ajifunze kuiendesha injini hiyo na kuomba msaada kwa redio katika chaneli ya 16, kwa sababu wewe ukianguka, nani atawarudisha watoto?

Ndugu yako ananiambia umemjibu kwamba ninyi mlikua bila majaketi na hamkudhurika. Majaketi yalikuwepo. Yalikuwa manne, yamebanwa omoni, mbele ya chombo, chini ya kamba ya nanga, kwa sababu yalikuwa yakinizuia kuvuta mshipi. Habari ya siku ile sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo na ulikuwa na umri wa kukumbuka, isipokuwa hili ambalo hukuliona kwa kuwa ulikuwa umempakata mdogo wako: kamba ile nilijaribu kuifungua, ikanishinda, nikaiacha. Mnapenda kusema kwamba baba aliwarudisha nyumbani. Upepo uligeuka, mwanangu. Mama yako hajawahi kuniuliza yalikuwa wapi majaketi, naye ndiye aliyeyanunua.

Sanduku la ndoana bado liko stoo, lakini mlango umevimba kwa unyevu na haufunguki mpaka ndugu yako aje kuupiga randa kama alivyoahidi. Zilizo na kutu nitazitupa. Makafi mawili ya zamani ni mazima, nayo nitayaleta, kwa maana sikuona kafi hata moja katika picha yenu, na injini ikizimika hamtakuwa na kitu mkononi. Mama yako ameshona vitambaa vinavyong'aa gizani kwa ajili ya majaketi ya watoto pamoja na filimbi mbili, lakini anasema hatavituma mpaka umwambie vipimo vya vifua vyao, na kwamba umwandikie yeye, si mimi.

Asubuhi ya safari nitumie picha nyingine kabla hamjang'oa nanga, watoto wakiwa wamesimama nchi kavu na mikanda yote imefungwa. Uniandikie pia saa mtakayorudi, nami nitakuwa karibu na simu tangu hapo.

Baba yako