Barua kwa Rehema kuhusu mikokoteni ya mwaka 1856

Salt Lake City, Utah

Mpendwa dada Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Watoto wamefunga shule na wanashinda nje mpaka saa tatu usiku, maana jua la kiangazi huku linachelewa kuzama.

Umeniandikia kwamba Julai hii umepangiwa kuwafundisha watoto wa Msingi, darasa la watoto la Kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), habari za waanzilishi, waumini wa kwanza waliohamia Utah, ukaniomba nikuongezee chochote kwa kuwa naishi huku walikofikia. Nitakujibu kwa urefu. Habari hii imenikaa moyoni tangu tulipokwenda Wyoming kupaona mahali penyewe, na naona tumezoea kuisimulia nusu.

Nusu hiyo unaijua. Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, aliuawa Carthage, Illinois, mwaka 1844, waumini wakasukumwa kutoka Nauvoo, mji wao huko Illinois, magari ya maksai yakaanza kuvuka mto Mississippi Februari 1846. Majira ya baridi yaliwakuta Winter Quarters, kando ya mto Missouri, wakazika watu wengi, watoto wachanga hasa. Kisha tarehe 24 Julai 1847 Brigham Young, aliyeshika uongozi baada ya Joseph, akaingia katika bonde hili. Lakini hao walikuwa na maksai. Mimi naomba uwasimulie watoto habari za waliokokota mizigo kwa mikono yao, mwaka 1856.

Chanzo kilikuwa pesa. Kanisa lilikuwa na mfuko wa kuwakopesha nauli maskini wa Ulaya, nao wangelipa wakishafika. Mwaka 1855 nzige na ukame vikaharibu mazao ya Utah, mfuko ukakauka, viongozi wakaamua watu waje na mikokoteni. Umeiona ile ya Marikiti. Hii ilikuwa myepesi zaidi, magurudumu mawili ya mbao na mti wa kukingama mbele wa kusukumia kwa kifua. Mtu mzima aliruhusiwa mzigo wa kilo 8 hivi, nguo na matandiko pamoja. Kutoka Iowa City reli ilikoishia hadi hapa ni zaidi ya kilomita 2,000, na wengi wao walikuwa watu wa viwandani Uingereza na wakulima wa Denmark ambao hawajawahi kulala hemani.

Misafara mitatu ya kwanza mwaka huo ilifika salama. Miwili ya mwisho, wa James Willie na wa Edward Martin, ilichelewa. Meli zilichelewa, mikokoteni haikuwa tayari, na iliyotengenezwa ilikuwa ya mbao mbichi iliyopasuka ilipokutana na hewa kavu. Agosti walikuwa bado Florence, Nebraska. Hapo mtu mmoja, Levi Savage, ambaye alikwishaipita njia ya magharibi, alisimama akasema wazee, wagonjwa na wenye watoto wadogo wasubiri baridi ipite, la sivyo watakufa njiani. Wakamkatalia, wengine wakamwona hana imani. Akasema kwa kuwa wameamua kwenda, atakwenda nao na kuteseka nao. Akaenda kweli. Rehema, huyu ndiye ningependa watoto wamjue kabla ya viongozi wote wa misafara.

Oktoba wakati msafara wa Martin unakaribia milima, watu walikuwa wamechoka kiasi kwamba waliamriwa kupunguza mizigo. Wakachoma mablanketi na nguo zao. Siku chache baadaye, tarehe 19 Oktoba, walivuka mto North Platte kwa mara ya mwisho, na siku hiyohiyo theluji ikaanza.

Katika uvukaji huo alikuwepo Elizabeth Jackson, mama wa watoto watatu wadogo, na mume wake Aaron ambaye alikuwa na homa. Aaron alipofika kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya maji nguvu zilimwishia, ikabidi mtu wa farasi amchukue. Jioni hakuweza hata kumeza chakula. Elizabeth alilala kando yake, akaamka kama usiku wa manane kwa baridi, akasikiliza kama anapumua. Akampapasa, akamkuta amekuwa baridi. Aliita msaada, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Basi akabaki amelala kando ya maiti ya mumewe, gizani, mpaka kulipokucha. Asubuhi ardhi ilikuwa imeganda, jembe haliingii, wakamfunga blanketi wakamlaza pamoja na wengine waliokufa, wakawafunika kwa theluji. Usiku mwingine, watu wote wakiwa hoi hata hakuna wa kusimamisha hema, alikaa juu ya jiwe mpaka asubuhi, mtoto mmoja mapajani na wawili ubavuni. Haya aliyaandika mwenyewe uzeeni.

Msafara wa Willie, uliokuwa mbele, ulipanda Rocky Ridge tarehe 23 Oktoba katikati ya dhoruba. Wengine walifika kambini Rock Creek alfajiri ya siku ya pili. Hapo walizikwa 13 katika kaburi moja, kisha wawili wengine kando yao. Ndani ya kaburi lile yumo mtoto wa Jens na Elsie Nielson, na msichana mdogo wa Denmark, Bodil Mortensen, waliyekuwa wanamleta kwa jamaa zake. Nilisimama pale nikasoma majina, nikashindwa kumaliza.

Kwa misafara yote miwili walikufa zaidi ya 200, kati ya watu wapatao 1,000.

Brigham Young alipata habari mwanzoni mwa Oktoba, na waokoaji wa kwanza wakaondoka tarehe 7 na magari ya unga na nguo. Bila wao wangekwisha wote, na watoto walisikie hilo vizuri. Ila waambie pia kwamba waliokoa watu ambao hawakupaswa kuruhusiwa kuondoka Florence. Ukiacha sehemu hiyo, kifo cha Aaron kinabaki kama jambo la hali ya hewa tu, na haikuwa hivyo.

Wakikuuliza kama walikuwepo watu weusi, walikuwepo. Green Flake, mtumwa, alikuwa katika msafara wa kwanza wa 1847. Jane Manning James, mwanamke huru, alifika mwaka huohuo; kabla ya hapo alikuwa ametembea na ndugu zake kutoka Buffalo hadi Nauvoo mpaka nyayo zikatoka damu, baada ya kukataliwa kuendelea na safari kwa meli. Na nchi waliyoingia ilikuwa na wenyewe, Washoshone na Waute, ambao nao walipoteza mengi.

Jambo moja la kufungia somo lako. Martin na watu wake walipofika mjini Jumapili tarehe 30 Novemba, Young aliwaambia waumini waende nyumbani wakapike na kuwapokea, kwamba sala ni njema lakini pale palipotakiwa viazi vya kuoka na maziwa, sala haishiki nafasi yake. Wagonjwa wakagawanywa nyumba kwa nyumba.

Niandikie Jumapili ipi utafundisha, na umri wa watoto. Kama wengi ni wadogo, nitakutumia habari nyingine nyepesi kidogo. Msalimie Mama na wote hapo.

Ni mimi dada yako,
Neema