Shangazi, viza bado, usichinje mbuzi

Shangazi yangu, shikamoo. Naamini uko salama, wajukuu wanaenda shule na yule wa P.6, darasa la sita, ameacha kukimbia hesabu. Hii barua naiweka wazi kila mtu asome kwa sababu kila nikikutumia sauti kwenye WhatsApp inaishia grupu ya ukoo, grupu ya ukoo inaipeleka kanisani, na ikifika Jumatatu nina meseji ya mtu wa Koboko ambaye sijawahi hata kumuona ananiuliza simu yake nitaileta ya rangi gani. Kwa hiyo wacha niseme mara moja, wote msikie.

Viza ya kwenda kufundisha Dubai bado. Sijatapeliwa, sijanyimwa, sijabadilisha mawazo, wala sijaolewa kimyakimya na mtu wa Kampala kama anavyosema yule jirani yako wa duka. Bado tu.

Najua uliposikia nimesaini kontrakti ya shule ya Dubai uliona mambo yameisha, na sikulaumu, mimi mwenyewe siku ile nilinunua kuku mzima nikala peke yangu. Lakini kusaini ndo foleni inaanza. Wale watu hawatosheki kusikia nina digrii, wanataka digrii yenyewe igongwe mihuri: chuo kilichonipa kithibitishe kwamba kweli kilinipa, wizara yetu ya mambo ya nje ithibitishe kwamba saini ya chuo ni ya kweli, halafu ubalozi wa Falme za Kiarabu hapa Kampala uthibitishe kwamba saini ya wizara ni ya kweli, na ikishafika kule wizara yao ya mambo ya nje nayo inathibitisha saini ya ubalozi wao wenyewe. Na kwenye msururu wote huo hakuna hata mmoja anayeuliza kama najua kufundisha! Vyeti vya sekondari, S.4 na S.6, navyo shule imeviomba, hivyo ni kwenda UNEB, baraza la mitihani, pale Ntinda. Halafu kuna cheti cha mwenendo mwema cha Interpol, unapigwa alama za vidole na kungoja polisi waseme hawakujui kwa ubaya, na hicho hakitakiwi kiwe kimezeeka, sasa ukikichukua mapema kinaisha muda kabla wenzake hawajawa tayari, ukichelewa wenzake wote wanakaa kwenye bahasha wanakingoja.

Ile digrii yenyewe ngoja nikwambie. Unakumbuka kaka yako, Mungu amlaze pema, siku ya mahafali hakungoja hata soda, aliichukua moja kwa moja akaenda kuipiga lamineshen ili mende wasiile. Miaka yote imekaa kwenye plastiki yake safi kabisa. Sasa dirishani karani anaigeuza, anaipigapiga kwa kucha, ananirudishia: muhuri haukai juu ya plastiki, kaitoe. Nikashuka Nasser Road, kule kwenye mashine za kuchapa, nikaelekezwa kwa mzee mmoja ana pasi ya umeme na wembe. Akatandika kitambaa, akapitisha pasi taratibu kama anapiga shati la bosi, akaingiza wembe kwenye kona, akaanza kuvuta. Ile sauti ya plastiki ikiachana na karatasi sitaki kuisikia tena maishani. Nilishika meza. Ikatoka yote, ikabaki alama ndogo ya kuungua pale chini kushoto, mbali na jina, mbali na saini ya makamu mkuu wa chuo. Mzee akapuliza akasema "Imepona." Na kijana aliyekuwa amekaa pembeni akaniinamia akaniambia kwa nini nihangaike na maofisi, nimwachie yeye tu, jioni nakuta mihuri yote, hata ya ubalozi. Nilichukua digrii yangu nikaondoka haraka, maana karatasi ikigundulika feki kule haiishii kukosa kazi tu, unaweza kuozea jela ya watu.

Sasa kuna hili la jina na hapa ndo nakuhitaji wewe. Cheti cha UNEB jina la ukoo lina herufi y katikati. Chuo kiliandika kufuata UNEB, kwa hiyo digrii ina y. Lakini karani aliyenijazia fomu ya kitambulisho miaka ile aliandika i, alisikia hivyo akaandika hivyo, na pasipoti inafuata kitambulisho, basi pasipoti ina i. Kwa sisi watu wa Arua hilo ni jina moja, hata nyanya aliliandika anavyojisikia siku hiyo. Kwa kompyuta ya Dubai hao ni wanawake wawili, mmoja ana digrii na mwingine ana pasipoti. Wakili anaweza kunitengenezea kiapo kwamba wote wawili ni mimi, ila ameniomba karatasi nyingine ya zamani ya kuegemea, na ya zamani kuliko zote ni kadi yangu ya ubatizo ya kanisani Ediofe, ambayo iko kwenye lile sanduku lako la bati chini ya vitenge. Nitarudi hapo.

Upande wa kule nako si kwamba wamelala. Dubai shule za binafsi ziko chini ya mamlaka inaitwa KHDA, hiyo ndo inakubali mwalimu au inakataa, ikiangalia digrii inafanana na somo anaenda kufundisha. Halafu shule inaomba kibali cha kazi kwa wizara yao ya kazi, kikitoka ndo wanatuma kibali cha kuingia, ambacho siku hizi wala hakibandikwi kwenye pasipoti, kinakuja kwa imeili tu, unaprinti. Kile kina siku 60. Na hata ukishafika bado hujawa mkazi, unapimwa damu, unapigwa picha ya kifua kuangalia TB, unachukuliwa alama za vidole tena, ndo unapewa kitambulisho chao. Kwa hiyo shangazi ukiniona Entebbe na begi bado usipige vigelegele vyote, bakiza.

Ulinitumia pia namba ya yule mama wa Kampala anayesema ana mtu ndani, nimpe pesa ya viza mambo yaende mbio. Nimempigia kwa heshima yako. Shangazi, sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile iliyoanza Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Shule ndiyo inalipa viza. Mimi nalipa mihuri ya huku na nauli za boda basi. Anayekuomba pesa ya viza kabla ya safari ni mwizi, hata kama anasali vizuri na anaita watu "mwanangu". Na binti wa jirani anayetaka kupitia kampuni mwambieni aangalie kwanza kama ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, leseni ambayo bado iko hai, sio ile fotokopi iliyofifia ukutani.

Halafu hili la kadama, yaani msichana wa kazi za ndani Uarabuni. Nimesikia maneno yanayosemwa pale kisimani, kwamba mwalimu gani anaenda Uarabuni, huyo anaenda kufagia nyumba za watu na anaona aibu kusema. Mimi naenda kufundisha Kiingereza darasa la saba na la nane, iko kwenye kontrakti. Lakini ningekuwa naenda kufagia ningekwambia naenda kufagia. Wasichana wetu waliokwenda kyeyo, kazi za ng'ambo, kufagia ndo wamejenga nusu ya zile nyumba za bati jipya unazoziona njia ya kwenda uwanja wa ndege, na waliorudi wameumizwa walirudi kwetu, si kwa wanaocheka kisimani. Nimemaliza hapo.

Kwa nini naenda unajua, ila grupu haijui. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mwalimu wa sayansi mwenye digrii kwenye shule za serikali hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa arts tukabaki pale pale. Walimu wa arts wa serikali wakagoma Juni ile, wakarudi darasani na midomo mikavu. Mimi niko shule ya binafsi, kwa hiyo hata huo mgomo sikuwa na wa kumgomea, mshahara unakuja wazazi wakilipa karo na wazazi wakichelewa tunaangaliana. Naipenda hii kazi, hilo usiwe na shaka nalo. Ila kupenda hakulipi kodi ya nyumba Kireka.

Na cha kunichekesha, nikicheka, ni kwamba mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umefanya Kiswahili kiwe lazima S.1 na S.2, tukakaa tunangoja walimu na walimu hawapo, shule yangu yote Kiswahili ni mimi peke yangu, mitiririko yote, mpaka S.4. Katiba ilikitaja lugha rasmi ya pili tangu 2005. Na mimi niliyesomea Kiswahili na Kiingereza pale chuo naondoka kwenda kufundisha hicho Kiingereza kwa sababu ndicho chenye mnunuzi. Mwalimu mkuu ananiangalia kila asubuhi mstarini. Hajasema kitu ila ratiba ya muhula wa tatu ameiacha wazi kwenye masomo yangu, ameandika kwa penseli. Kule shule zinafungua mwisho wa Agosti, huku muhula wa pili ndo unafungwa, kwa hiyo kibali kikija kwa wakati naondoka na likizo na hakuna mtoto anayeumia sana, kikichelewa hadi Septemba nitakuwa nawaacha S.4 wangu mwezi mmoja kabla ya UNEB, na hilo ndilo linaninyima usingizi, sio hizo simu mnazonidai. Kazi sijaacha na siachi mpaka kibali kiwe mkononi. Kuna mwenzetu wa shule ya jirani aliacha kazi, akauza hadi kitanda, akaandaa pati, na mpaka leo analala kwa dada yake.

Sasa hizo simu. Shangazi, kuna mtu kwenye grupu amepiga hesabu kwamba dirham moja ni karibu shilingi elfu moja, ambayo ni kweli, akachukua namba ya mshahara ambayo sijui nani alimpa, akaongeza sifuri tatu, halafu akaanza kugawa. Kuna karo ya S.1 imeshaandikwa jina langu. Kuna mabati. Kuna mjomba anataka kufungua biashara ya samaki wa Pakwach na ameniweka mimi kama mtaji. Hakuna aliyeuliza Dubai nyumba zinapangishwa bei gani. Mshahara wa kwanza nikiupata, Mungu akipenda, nitalipa kwanza mkopo wa SACCO niliochukua kwa ajili ya hizi karatasi, halafu wewe na yale macho yako, ile miadi ya daktari hatuisogezi tena. Wengine wapange foleni kama ninavyopanga mimi.

Nafahamu unauliza kila wiki kwa upendo. Lakini ukiuliza "bado tu?" na mama mkwe wa dada akauliza "bado tu?" na mwenye nyumba naye akauliza maana amesikia, inafika mahali naogopa kushika simu, naona jina lako naiacha iite. Hilo silipendi. Kibali kikitoka hutahitaji kuuliza, nitakupigia hata kama ni saa nane usiku na utanisikia bila spika. Kwa sasa nipigie uniulize kama nimekula, au uniambie nani ameoa, nani amegombana na nani sokoni, hiyo misa ya Padri ilikuwa ndefu kiasi gani. Na wale mbuzi wawili waache wale majani yao kwa amani, ukiwachinja sasa kwa safari ambayo haijafika, siku ya safari yenyewe mtanisindikiza kwa mboga za dodo.

Kuhusu ile kadi ya ubatizo. Iko ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kadi ya chanjo na ile picha ya baba na baiskeli. Usiitoe kwenye bahasha, usiikunje, na nakuomba kwa jina la wazee wote, usiipeleke kupigwa lamineshen. Weka katikati ya kitabu kigumu, funga na kitenge, peleka stendi umpe kondakta wa basi la usiku, mlipe, mpe namba yangu, chukua na yake, mimi nitakuwa pale alfajiri basi likiingia. Akikuuliza ndani kuna nini mwambie ni kitabu cha nyimbo.