Nywele Zinakutoka? Kabla ya Mafuta, Tuangalie Zinatoka Wapi

Mteja mmoja alikuja saluni na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake alikuwa amekusanya nywele za wiki nzima, nyingine za kwenye kitana, nyingine za kwenye mto, nyingine za sakafu ya bafu. Akauweka mezani na kuniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nipe mafuta yoyote, nitanunua."

Sikumpa mafuta. Nilichukua unywele mmoja nikaulaza juu ya aproni yangu nyeusi, nikamwita asogee dirishani. Kwenye ncha moja palikuwa na kinundu cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini. Tukachukua mwingine, na mwingine. Karibu zote zilikuwa nacho. Hapo nikamuuliza swali ambalo hakulitarajia: miezi mitatu iliyopita ulikuwa na nini? Akafikiri kidogo, akasema alilazwa na homa kali.

Naeleza kisa hiki kwa sababu wengi wanaokuja kwetu wana neno moja tu, "nywele zinakatika", na neno hilo linabeba matatizo mengi yasiyofanana. Unywele wenye kinundu umetoka mzima kwenye ngozi. Usio na kinundu, mfupi, wenye ncha iliyochanika, umekatika njiani, na hapo wa kulaumiwa ni dawa ya kunyoosha, rangi, pasi ya moto au kitana kilichopitishwa kwa nguvu kwenye nywele kavu. Wa pili tunamhudumia hapa hapa: tunapunguza ncha, tunaacha kemikali na moto kwa muda, tunazipa nywele unyevu. Wa kwanza anahitaji tujue sababu kwanza, na mara nyingi sababu hiyo haiko kwenye nywele kabisa.

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika miezi 3 hivi, kisha huanguka na mwingine kuota palepale. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Aliyekaa na rasta wiki 6 akifumua, ataona fungu linalotisha. Piga hesabu: nywele 50 kwa siku, kwa siku 42, ni 2,100. Zilikuwa zimeshatoka siku nyingi, msuko ndio uliozishika.

Mwili ukipata mtikisiko mkubwa, kama homa kali, upasuaji, kujifungua, kupungua uzito kwa kasi au msiba mzito, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja. Huanguka baada ya miezi 2 au 3, wakati mwenyewe ameshasahau kuumwa, na ndipo shampuu ya juzi inapobebeshwa lawama isiyo yake. Hali hii kwa kawaida hutulia yenyewe ndani ya miezi 6 hivi. Mama aliyejifungua huziona zikitoka sana karibu na mwezi wa nne, na kufikia mtoto anapotimiza mwaka, wengi huwa wamerudi hali yao. Mama kama huyo simuuzii chochote cha "kuotesha". Zisipotulia, ninachomwomba ni akapime damu, hasa akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo, maana upungufu wa chuma na tezi isiyofanya kazi sawasawa humwaga nywele kimyakimya.

Wengine nywele hazidondoki kwa wingi, zinakonda tu. Mstari wa kugawia nywele katikati unapanuka mwaka hadi mwaka, ngozi inaanza kuonekana, ilhali nywele za mbele kwenye paji zimebaki mahali pake. Huku ndiko kupungua kwa nywele kunakorithiwa, iwe kwa mama au kwa baba, na huzidi baada ya hedhi kukoma. Kila unywele mpya huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Ikiwa pamoja na hilo hedhi haina mpangilio, chunusi zimezidi na ndevu zinaota kidevuni, mwone daktari kuhusu homoni.

Dawa inayojulikana zaidi kwa hali hii ni minoksidili ya kupaka. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1991 ile ya asilimia 2 ikaidhinishwa Marekani kwa wanawake. Inasaidia, lakini wauzaji wengi hawakwambii masharti yake. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi 4 hadi 6. Ukiacha kuipaka, ulichopata kinapotea. Ikichuruzika usoni inaweza kuotesha nywele mahali ambapo huzitaki. Na mjamzito au anayenyonyesha asiiguse. Zipo pia dawa za kumeza za kupunguza nguvu ya homoni za kiume, ila hizo ni za daktari kukuandikia, si za kuazimana na rafiki.

Sasa nije kwenye panja, jambo linaloniumiza kuliko yote kwa sababu sisi wasusi tumo ndani yake. Nywele zikivutwa kwa miezi na miaka, mizizi yake huchoka, kisha hufa. Si jambo jipya wala la watu wa aina moja: mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland waliopoteza nywele kwa sababu ya kuzifunga kwa kuzikaza. Dalili zake nimezizoea. Vipele vidogo kwenye kingo siku mbili baada ya kusuka, ngozi iliyoinuka kama hema chini ya kila msuko, mteja asiyeweza kulalia upande mmoja. Baadaye panja zinafunguka, lakini mbele kabisa unabaki mstari wa vinywele laini, vifupi mno kushikwa na vidole vya msusi. Ukiuona mstari huo, na nyuma yake pameachwa wazi, kisababishi ni kuvutwa.

Miaka yangu ya mwanzo nilikaza sana. Wateja walinisifu kwamba msuko wangu unadumu, nami nikafurahi. Baadhi yao leo hii wana panja tupu, na hakuna ninachoweza kuwarudishia. Ndiyo maana sasa mteja akisema "kaza mbele ili ikae", nakataa, hata akiondoka. Msuko ukikupa maumivu ya kichwa umekazwa kupita kiasi, na usikubali kuambiwa utalegea wenyewe. Rudi siku hiyo hiyo tuulegeze, usione haya. Rasta nene na nzito hatuziweki kwenye kingo. Kichwa kilichotoka kuwekwa dawa ya kunyoosha hatukisuki, maana nywele zilizolainishwa na dawa huumia haraka zaidi zikivutwa. Gundi ya wigi ikirudiwa mahali pale pale nayo hung'oa taratibu.

Habari njema ni kwamba ukiwahi, zinarudi. Kuacha kuvuta ndiyo tiba yenyewe, na kwa wengine daktari wa ngozi huongeza dawa ya kupaka au sindano ya kutuliza uvimbe. Ukichelewa miaka, ngozi inakuwa laini na inayong'aa, vitundu vya nywele havionekani tena, na hapo hakuna mafuta yatakayootesha kitu.

Utosini nako pana ugonjwa wake, na huu usiusubirie hata wiki. Unaanza kama upungufu mdogo katikati ya kichwa, nywele zikikatika fupi fupi, kisha unapanuka kwa duara kuelekea nje. Wengine huwashwa, au huhisi moto na maumivu wakiguswa. Wengine hawasikii chochote, na anayeugundua wa kwanza ni msusi. Ni aina inayoacha kovu: chini ya ngozi pana uvimbe unaoua mizizi moja baada ya nyingine. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na mwaka 2019 watafiti waliuhusisha, kwa baadhi yao, na mabadiliko katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo PADI3. Kwa hiyo kama mama yako au dada yako alipoteza nywele za utosini hivyo, kaguliwa mapema. Daktari wa ngozi huweza kukata kipande kidogo cha ngozi kukipima, kisha hutumia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) za kupaka au za sindano, na wakati mwingine vidonge vya antibiotiki kama doksisaiklini, kuuzima uvimbe. Lengo ni kuokoa nywele zilizobaki.

Mabaka ya mviringo, laini, yaliyojitokeza ghafla, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi. Daktari huchoma sindano ya steroidi kwenye baka, na kwa walioathirika sana kuna vidonge vya kutuliza kinga hiyo viitwavyo barisitinibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Baka lenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi linaweza kuwa mapunye. Mapunye huambukiza na huhitaji dawa ya kumeza, hivyo hatutakusuka mpaka upone, na vitana vya nyumbani visafishwe.

Neno kuhusu vidonge vya "nywele na kucha". Bayotini, vitamini iliyomo kwenye vingi vya vidonge hivyo, haimsaidii asiyepungukiwa nayo, na wanaopungukiwa ni wachache. Kibaya zaidi, inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya moyo, kwa hiyo ukiwa unaimeza mwambie anayekupima. Vitamini A ikizidi, yenyewe hung'oa nywele.

Yule mteja wa mfuko nilimpa barua ya kwenda kupima damu, nikamsuka mabutu mepesi yasiyovuta, nikampangia arudi baada ya miezi mitatu. Aliporudi, kandokando ya paji lake palikuwa na vinywele vifupi vimesimama wima kama nyasi baada ya mvua. Alidhani ni nywele zilizokatika. Nikamwonyesha ncha zake: nyembamba, zimechongoka, hazijawahi kukutana na mkasi. Zilikuwa zinaota.

Ukija kukaguliwa, njoo umeshafumua, kichwa kimeoshwa na hakijapakwa mafuta wala poda ya kuficha upungufu. Njoo na majina ya dawa zote unazotumia, na kama unazo, picha zako za mwaka mmoja au miwili iliyopita zinazoonyesha mstari wa katikati na panja. Tutapiga picha mpya pale pale, kwenye mwanga ule ule wa dirisha, ili safari ijayo tulinganishe. Ukiwa na maumivu, usaha au utosi uliong'aa, usitusubiri sisi. Nenda kwa daktari wa ngozi moja kwa moja.