Ripoti ya upasuaji wa pafu itaje tezi zilizotolewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo nililoliona nikimuuguza kaka yangu, mkulima wa zabibu hapa Hombolo, aliyekatwa sehemu ya juu ya pafu la kulia kwa sababu ya saratani.

Tulirudi nyumbani tukiwa na faraja, kwani tuliambiwa uvimbe wote umetoka. Wiki sita baadaye daktari wa saratani aliifungua ripoti ya maabara, akaisoma mara mbili, kisha akauliza ni tezi ngapi za limfu zilitolewa na zilitoka wapi. Mbele ya neno “tezi” palikuwa na kistari tu.

Tezi hizo ni za jamii ile ile ambayo ikivimba kinenani huitwa mtoki. Zimo ndani ya pafu, kwenye shina lake, yaani pale mirija ya hewa na ya damu inapoingia, na katikati ya kifua kando ya njia kuu ya hewa, nako ndiko saratani ya mapafu hupitia mara nyingi inapoanza kusambaa. Zisipopimwa, mgonjwa huweza kuhesabiwa kuwa yuko hatua ya kwanza, akarudishwa nyumbani bila dawa, kumbe yuko hatua ya tatu. Kuzitazama kwa macho na kuzipapasa hakutoshi, kwa sababu tezi ndogo yaweza kuwa na saratani, na iliyovimba ikawa na kifua kikuu tu. Darubini ndiyo huamua.

Nchini Marekani, viwango vya mwaka 2020 vya Tume ya Saratani, chombo kinachoweka viwango kwa hospitali zinazotibu saratani, vinataka tezi zitoke angalau maeneo matatu tofauti ya katikati ya kifua na eneo moja la kwenye shina la pafu. Naona hilo ni bora kuliko kuhesabu tezi peke yake, maana tezi moja ikikatika vipande huonekana nyingi. Wala si jambo la gharama kubwa: ni chupa kadhaa zenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vinavyopelekwa maabara, kila moja ikiandikwa jina la eneo mgonjwa akiwa bado mezani.

Naziomba hospitali zetu zinazofanya upasuaji huu, pamoja na Wizara ya Afya, fomu ya maabara ijazwe eneo kwa eneo, na mgonjwa apewe nakala. Kifua cha kaka yangu hakitafunguliwa tena kwa ajili ya kutafuta tezi. Amepangiwa picha za CT kila baada ya miezi sita, na kila zinapokaribia hapati usingizi.

Mwalimu mstaafu,
Hombolo, Dodoma