Maonyesho ya sanaa yasiishie Dar

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasanii wetu wa sanaa za kisasa, pamoja na wanaowapa fedha.

Dar es Salaam haikosi maonyesho ya picha, video na sanaa za jukwaani yanayohusu ukoloni, haki na swali la sisi ni nani. Kazi nyingi ni nzuri. Nafasi Art Space pale Mikocheni imelea wasanii tangu 2008 na matunda yake yanaonekana. Ninacholalamikia ni mahali. Habari za babu zetu wa Ruvuma zinatundikwa ukutani kilomita mia tisa na ushee kutoka kwa wajukuu wao, zinakaa wiki chache, kisha zinafungwa kwenye maboksi.

Niliwahi kuingia kwenye onyesho moja la namna hiyo nikiwa Dar kwa shughuli za kifamilia. Mlinzi wa getini aliniuliza nimetumwa na nani. Ndani, maelezo yote ya ukutani yalikuwa Kiingereza kitupu, na wageni wameshika glasi mbele ya picha ya wafungwa wa vita vya Majimaji waliofungwa minyororo shingoni. Nilikuwa na swali moja kwa msanii: aliyatafuta majina ya hawa watu? Nikaambiwa hayupo, mazungumzo naye ni Alhamisi jioni. Alhamisi nilikuwa kwenye basi narudi nyumbani.

Huku kwetu Songea, Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60, akiwemo Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani na mpaka leo hakijarudi. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja hapa, akaomba radhi, akaahidi kusaidia kukitafuta. Kila Februari tunawakumbuka mashujaa hao: ngoma za lizombe, mashada, hotuba ndefu (ndefu kweli), magari ya viongozi yanaondoka. Makumbusho ya Majimaji yapo, yana sanamu na silaha za wazee. Lakini kazi ya msanii wa leo, inayouliza maswali ambayo hotuba haiwezi kuuliza, huioni.

Msiniambie haiwezekani. Kule Kilimanjaro imewezekana. Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi Machi 2, 1900, naye pia kichwa chake kinatafutwa. Wasanii wa Kijerumani na Watanzania walitengeneza onyesho juu yake, na halikuishia Berlin na Dar. Lilifika Old Moshi penyewe. Mwaka 2022 wakaja na jingine, Marejesho, wakalizungusha vijijini Kilimanjaro na Meru likiwa na picha za vitu vya wazee vilivyofungiwa kwenye makumbusho za Ujerumani. Watu wakaona mali zao, wakasema wanataka nini. Mwaka uliofuata Berlin ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko yana ndugu walio hai hapa Tanzania. Sisemi onyesho ndilo lililoleta majibu hayo. Nasema familia zinazosubiri majibu kama hayo ziko vijijini, haziko Masaki.

Najua jibu la wasanii: usafiri ni ghali, wafadhili wanataka mjini. Ni kweli, lakini si yote. Mwenge wa Uhuru unafika kila halmashauri kila mwaka. Picha za kitambaa zinakunjwa, projekta inaingia kwenye begi. Nahisi wengine wanaogopa zaidi kusimama mbele ya bibi wa Mshangano, hapa Songea, atakayeuliza, kwa Kiswahili, “Sasa mwanangu, hii maana yake nini?” Wapo watakaobabaika. Na wapo ambao kazi zao zitanoga baada ya swali hilo.

Makumbusho ya Taifa ndiyo inayosimamia nyumba ya Dar na hii ya Songea, kwa hiyo kuhamisha onyesho ni barua ya ndani tu na lori moja. Nao Mfuko wa Utamaduni na Sanaa uangalie kama unaweza kutoa ruzuku ya usafiri, maana msanii hawezi kukopa ili apeleke picha ambazo hatauza. Tuanze na Februari 27 ijayo. Maelezo yawe Kiswahili, kiingilio kisiwepo, na msanii mwenyewe awepo siku zote za onyesho, si kwenye ufunguzi tu.

Mkazi wa Songea,
Ruvuma